Versailles 1919: Amani iliyowaadhibu walioipokea

Tarehe 3 Oktoba 2010 Ujerumani ililipa sehemu ya mwisho ya riba ya hati fungani zilizouzwa mwaka 1924 na 1930 kwa ajili ya fidia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwa malipo hayo likafungwa deni lililotokana na mkataba uliotiwa saini miaka 91 kabla yake, katika kasri la Versailles nje kidogo ya Paris. Kati ya saini hiyo na malipo hayo nchi ilipitia jamhuri iliyoanguka, udikteta wa Adolf Hitler, vita vya pili vilivyoua mamilioni ya watu, mgawanyiko wa miaka zaidi ya 40, kisha ikaungana upya. Ni mikataba michache katika historia ya dunia ambayo athari zake zilidumu muda mrefu kiasi hicho.

Katika masomo ya historia ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, Mkataba wa Versailles hutajwa kwa kawaida miongoni mwa sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na maelezo yake huwa mafupi: Ujerumani ilinyang'anywa ardhi, ikatozwa fidia kubwa, ikadhalilishwa, kisha ikalipiza kisasi. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaliruka jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni nani hasa, ndani ya taifa lililoshindwa, aliyebebeshwa gharama za kushindwa huko. Waliobebeshwa hawakuwa mfalme na majenerali walioingia vitani mwaka 1914, bali wanasiasa wa kiraia walioipokea nchi ikiwa imekwisha kushindwa, wakakubali amani kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, na wakaishi na lawama ya saini yao mpaka jamhuri waliyoiasisi ilipozikwa.

Kushindwa ambako wananchi hawakukuona

Tarehe 29 Septemba 1918 Jenerali Erich Ludendorff, aliyekuwa akiliongoza jeshi la Ujerumani pamoja na Jemadari Paul von Hindenburg, alimweleza Kaisari Wilhelm wa Pili kwamba hapakuwa tena na tumaini la ushindi, na kwamba ilikuwa lazima kuomba usitishaji wa mapigano bila kuchelewa. Papo hapo alishauri kwamba vyama vya bunge, ambavyo kwa miaka minne havikuwa na sauti katika uendeshaji wa vita, viingizwe serikalini, na baada ya siku mbili akawaambia maofisa wake kwamba vyama hivyo ndivyo vitakavyopaswa kuifanya amani yenyewe. Kwa hatua hiyo jeshi lilikwepa aibu ya kuomba suluhu na kuwatwisha wengine.

Ndiyo maana kiongozi wa ujumbe uliotia saini usitishaji wa mapigano katika msitu wa Compiègne, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 11 Novemba 1918, hakuwa jenerali bali Matthias Erzberger, mwanasiasa wa chama cha Wakatoliki kilichojulikana kama Zentrum. Masharti aliyoyakubali yaliitaka Ujerumani ikabidhi mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000, vichwa vya treni 5,000 na mabehewa 150,000, na iondoe askari wake hadi ng'ambo ya mto Rhine. Zaidi ya hayo, manowari za Uingereza na washirika wake ziliendelea kuzuia meli za mizigo kuingia katika bandari za Ujerumani. Shehena za chakula ziliruhusiwa kuanzia Machi 1919, na kizuizi chenyewe kiliondolewa Julai mwaka huo, baada ya majira ya baridi ambamo watu wa mijini walikuwa na njaa.

Hata hivyo, siku mapigano yaliposimama, hapakuwa na jeshi la kigeni ndani ya Berlin, na askari wa Kijerumani walikuwa bado ndani ya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Wananchi waliokuwa wakisoma habari za ushindi hadi kiangazi cha 1918 waliwaona vijana wao wakirudi kwa gwaride, na Friedrich Ebert, kiongozi wa Chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia aliyeshika serikali Kaisari alipoanguka na kukimbilia Uholanzi, aliwapokea mjini Berlin kwa maneno ya kuwasifu kwamba hakuna adui aliyewashinda. Alisema hivyo ili kuwatuliza, lakini kauli hiyo ilikuja kuigharimu jamhuri yake. Novemba 1919 Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya bunge na kudai kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Madai hayo, ambayo wanahistoria huyaita hekaya ya kisu cha mgongoni, yaliwageuza walioiokoa nchi isiangamie kuwa wasaliti wake, na aliyeyapa uzito ni mtu aliyejua kuliko wengi kwamba jeshi lenyewe ndilo lililoomba mapigano yasimame.

Mkutano usiokuwa na aliyeshindwa

Mkutano wa amani ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919 kwa wajumbe wa mataifa 27, lakini maamuzi makubwa yalikuwa mikononi mwa watu wanne: Georges Clemenceau wa Ufaransa, David Lloyd George wa Uingereza, Woodrow Wilson wa Marekani na Vittorio Orlando wa Italia. Ujerumani haikualikwa kujadiliana, na kama wasemavyo Waswahili, asiyekuwepo na lake halipo.

Haki inadai isemwe kwamba Ufaransa ilifika katika mkutano huo ikiwa na majeraha mabichi. Ilikuwa imepoteza askari wanaokaribia milioni 1.4, maeneo yake ya kaskazini na mashariki yalikuwa yamegeuzwa uwanja wa vita, na migodi yake ya makaa ya mawe ilikuwa imejazwa maji na jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma. Wafaransa walikumbuka pia kwamba mwaka 1871 Ujerumani iliwatoza fidia ya faranga bilioni 5, nao wakailipa yote kufikia mwaka 1873, na kwamba Machi 1918, katika Mkataba wa Brest-Litovsk, Ujerumani hiyo hiyo iliilazimisha Urusi kuachia maeneo makubwa ya magharibi, yakiwemo Poland, Ukraine na nchi za Baltiki. Aliyeshinda kumtoza aliyeshindwa, basi, haukuwa uzushi wa mwaka 1919. Tatizo ni kwamba Ujerumani ilikuwa imeomba suluhu kwa msingi wa Hoja 14 za Rais Wilson, tamko la Januari 1918 lililoahidi amani ya haki na heshima kwa matakwa ya kila taifa, na sasa wananchi wake waliyapima masharti kwa kipimo cha ahadi hiyo.

Tarehe 7 Mei 1919 wajumbe wa Ujerumani waliitwa katika hoteli ya Trianon Palace, Versailles, kukabidhiwa rasimu. Safari yao ya treni ilikuwa imepitishwa polepole kwenye vijiji vilivyobomolewa ili waone kilichofanywa na jeshi lao, na hoteli waliyofikia ilikuwa imezungushiwa uzio. Clemenceau alizungumza kwa ufupi akiwa amesimama. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Ulrich von Brockdorff-Rantzau, alijibu akiwa ameketi, tendo ambalo wenyeji wake walilichukulia kuwa dharau. Alikataa kwamba nchi yake peke yake ndiyo yenye hatia ya vita, na akawakumbusha wasikilizaji juu ya raia waliokufa kwa sababu ya kizuizi cha chakula baada ya mapigano kusimama. Ujumbe wake ulipewa siku 15 kutoa maoni kwa maandishi, bila mazungumzo ya ana kwa ana, na maoni hayo yalipowasilishwa yalibadilisha mambo machache tu. Kubwa kati ya hayo ni kwamba hatima ya Silesia ya Juu iliachiwa kura ya wakazi wake.

Kansela Philipp Scheidemann alijiuzulu tarehe 20 Juni badala ya kuukubali mkataba. Washindi walitoa muda wa mwisho, wakitishia kuingia Ujerumani kijeshi, na Jenerali Wilhelm Groener alipoulizwa na Rais Ebert kama jeshi lingeweza kupinga, alijibu kwamba upinzani haukuwa na matumaini yoyote. Kwa hiyo tarehe 28 Juni 1919, ndani ya Ukumbi wa Vioo ambamo Dola ya Ujerumani ilitangazwa mwaka 1871, mawaziri wawili wa kiraia, Hermann Müller na Johannes Bell, walitia saini. Hakuna ofisa aliyeongoza vita aliyetakiwa kushika kalamu.

Kilichochukuliwa na kilichobaki

Mkataba ulikuwa na ibara 440. Ujerumani ilipoteza takriban asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na asilimia 10 ya watu wake. Alsace na Lorraine zilirudi Ufaransa. Eupen na Malmedy zilikwenda Ubelgiji. Posen na sehemu kubwa ya Prussia ya Magharibi ziliingia katika Poland mpya, na Prussia ya Mashariki ikabaki imetengwa na nchi mama. Mji wa Danzig ulifanywa mji huru chini ya Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Nalo bonde la Saar, lenye makaa ya mawe, liliwekwa chini ya shirikisho hilo kwa miaka 15. Jeshi lilipunguzwa hadi watu 100,000 wa kujiandikisha kwa hiari, bila vifaru, ndege za kivita wala nyambizi. Ukingo wa kushoto wa mto Rhine ulikaliwa na majeshi ya washindi, na ukanda wa kilomita 50 upande wa kulia ukapigwa marufuku kuwa na askari.

Ibara iliyochukiwa kuliko zote ni ya 231, iliyoitaka Ujerumani ikubali kuwajibika, pamoja na washirika wake, kwa hasara zote zilizosababishwa na vita ambavyo uchokozi wao ulivileta. Walioiandika, wanasheria na wataalamu wa fedha wa Marekani wakiwemo, waliikusudia iwe msingi wa kisheria wa kudai fidia, na ibara iliyofuata ilikiri kwamba mali ya Ujerumani isingetosha kulipa hasara yote. Lakini masikioni mwa Wajerumani ilisikika kama hukumu ya kimaadili juu ya taifa zima, mama aliyempoteza mwanawe vitani akiwemo.

Ardhi ya Tanganyika katika mizani

Ibara ya 119 iliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, na historia ina ajabu yake, kwa sababu Johannes Bell, mmoja wa mawaziri wawili waliotia saini, ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Katika Afrika Mashariki, ambako Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Uingereza ilipata sehemu kubwa, ikaipa jina la Tanganyika mwaka 1920. Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi. Na Ureno ikapewa kipande kidogo cha Kionga kusini mwa mto Ruvuma. Isipokuwa Kionga, mgawo huo ulifanyika chini ya mfumo wa udhamini, yaani utaratibu ambao nchi iliyoshinda ilitawala koloni la aliyeshindwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa na kupeleka taarifa kwake kila mwaka. Wakazi wenyewe, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na kazi ya kubeba mizigo ya majeshi yote mawili, hawakuulizwa ni nani awatawale.

Katika mkataba huohuo iliingizwa ibara ya 246, iliyoitaka Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza, katika muda wa miezi sita, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Miezi sita iligeuka kuwa miaka 35, kwani fuvu hilo lilirudishwa mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulitambua katika jumba la makumbusho la Bremen, na sasa limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa. Ibara hiyo yaonyesha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba madai ya Wahehe yalikuwa ya haki, na kwamba mkataba uliojaa amri ulikosa wa kuzisimamia.

Hesabu za fidia

Mkataba haukutaja kiasi cha fidia, na kwa miaka karibu miwili Ujerumani iliishi na deni lisilojulikana ukubwa wake. Tarehe 5 Mei 1921 washindi walitangaza jumla ya marki bilioni 132 za dhahabu, yaani marki zinazopimwa kwa thamani ya dhahabu ili deni lisiyeyuke pale sarafu ya karatasi inaposhuka. Kiasi hicho kiligawanywa katika mafungu matatu ya hati fungani, na fungu la tatu, lenye bilioni 82, liliahirishwa kwa masharti ambayo yalimaanisha kwamba huenda lisidaiwe kamwe. Deni halisi, kwa hiyo, lilikuwa bilioni 50, na kubwa lililotangazwa lilikusudiwa zaidi kuwaridhisha wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza walioahidiwa kwamba Mjerumani atalipa kila kitu.

Mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes, aliyejitoa katika ujumbe wa nchi yake kwa hasira, alichapisha kitabu Desemba 1919 akieleza kwamba fidia ya namna hiyo ingeiangusha Ujerumani na kuiburuza Ulaya nzima. Mchumi wa Ufaransa Étienne Mantoux alimjibu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1946 baada ya kifo chake, kwamba nchi iliyoweza kugharimia silaha za Hitler ingeweza pia kulipa fidia. Mabishano hayo hayajaisha, lakini yote mawili yanakubalika kwa pamoja: kulipa kuliwezekana kiuchumi, na kisiasa hapakuwa na serikali ya Kijerumani ambayo ingewatoza raia wake kodi nzito kwa ajili ya deni walilolihesabu kuwa dhuluma na ikabaki madarakani.

Gharama za kisiasa zilijitokeza upesi. Vyama vitatu vilivyoiasisi jamhuri, Wasoshalisti wa Kidemokrasia, Zentrum na chama cha Waliberali cha DDP, vilipata zaidi ya asilimia 75 ya kura Januari 1919. Juni 1920 vilipata chini ya asilimia 45, wala havikupata tena wingi wa viti bungeni. Agizo la kupunguza jeshi lilichochea jaribio la mapinduzi la Machi 1920, lililoongozwa na Wolfgang Kapp akisaidiwa na kikosi kilichoamriwa kuvunjwa. Erzberger aliuawa kwa risasi na waliokuwa maofisa wa jeshi tarehe 26 Agosti 1921, akiwa matembezini katika Msitu Mweusi. Walther Rathenau, Waziri wa Mambo ya Nje aliyeamini kwamba njia bora ya kupunguziwa deni ni kulipa kwa uaminifu hadi mdai mwenyewe aone kikomo cha uwezo wa mdaiwa, aliuawa tarehe 24 Juni 1922. Majenerali walioshindwa walikuwa nyumbani wakiandika kumbukumbu zao.

Mwaka ambao fedha ilikufa

Mwishoni mwa mwaka 1922 Ujerumani ilichelewesha shehena za mbao, zikiwemo nguzo za simu, kisha za makaa ya mawe, na tarehe 11 Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia bonde la Ruhr, kitovu cha viwanda vya chuma. Serikali ya Berlin iliwataka wafanyakazi wagome, ikawalipa mishahara kwa kuchapa noti zisizokuwa na chochote nyuma yake. Sarafu ilikuwa tayari imedhoofika, kwa kuwa serikali ya Kaisari iligharimia vita kwa mikopo badala ya kodi, ikitarajia kuwatoza watakaoshindwa, na serikali zilizofuata ziliendelea kuziba pengo kwa mashine ya kuchapia. Januari 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki karibu 18,000. Kufikia Novemba ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2.

Katika majira ya vuli ya mwaka huo viwanda vya uchapishaji zaidi ya 130 vilikuwa vikichapa noti usiku na mchana, nyingine zikichapwa upande mmoja tu wa karatasi. Mfanyakazi alilipwa kila siku, mahali pengine hata mara mbili kwa siku, na mkewe alisubiri langoni ili akimbilie dukani kabla bei haijapanda tena. Mkate mmoja mjini Berlin ulifika marki bilioni 200. Mwalimu mstaafu, mjane aliyenunua hati fungani za vita kwa uzalendo, fundi aliyeweka akiba ya miaka 30 kwa ajili ya uzee, wote walikuta kwamba walichokuwa nacho hakikutosha kununua stempu ya barua. Ilhali wenye viwanda waliokopa fedha nyingi walilipa madeni yao kwa karatasi zisizokuwa na thamani. Ingawa chanzo cha janga hilo kilikuwa cha ndani kwa sehemu kubwa, wengi walilihesabu kuwa tunda la Versailles, na tabaka la kati, ambalo katika nchi nyingi ndilo nguzo ya utulivu, likapoteza imani na jamhuri pamoja na akiba zake.

Nafuu iliyochelewa

Aliyeitoa nchi katika shimo hilo ni Kansela Gustav Stresemann, aliyesimamisha mgomo wa Ruhr Septemba 1923 na kuruhusu sarafu mpya kutolewa Novemba. Mpango wa Dawes wa mwaka 1924 ulipanga upya malipo ya fidia na kuleta mkopo wa marki milioni 800 za dhahabu; Mkataba wa Locarno wa 1925 uliihakikishia Ufaransa mpaka wake na Ujerumani; na mwaka 1926 Ujerumani ilikaribishwa katika Shirikisho la Mataifa, Stresemann na Aristide Briand wa Ufaransa wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika uchaguzi wa Mei 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Takwimu hiyo inapaswa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mkataba wa 1919 uliielekeza Ujerumani moja kwa moja kwa Hitler, kwani miaka tisa baada ya saini, raia wengi walikuwa wamekubali kuishi na amani hiyo maadamu ilikuwa ikirekebishwa na maisha yalikuwa yakitengemaa.

Udhaifu wa nafuu hiyo ulikuwa kwamba ilisimama juu ya mikopo ya Marekani: mabenki ya Marekani yaliikopesha Ujerumani, Ujerumani ikailipa Ufaransa na Uingereza, nazo zikailipa Marekani madeni ya vita. Soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, wiki chache baada ya kifo cha Stresemann, mzunguko huo ulikatika. Mwanzoni mwa 1932 Wajerumani milioni 6 hawakuwa na kazi, huku Kansela Heinrich Brüning akibana matumizi ya serikali, akitaraji pia kuwaonyesha wadai kwamba fidia hailipiki. Kura za Wanazi zilipanda hadi asilimia 18.3 Septemba 1930, kisha 37.3 Julai 1932.

Katika mfululizo huo wa matukio ndipo kosa kubwa la watengeneza amani linapoonekana wazi. Askari wa mwisho wa kigeni waliondoka Rhine tarehe 30 Juni 1930, Stresemann akiwa amekwisha fariki. Fidia ilifutwa kivitendo katika mkutano wa Lausanne Julai 1932, wiki chache baada ya Brüning kuondolewa madarakani. Hitler alipotangaza uandikishaji wa lazima jeshini Machi 1935, Uingereza ilimjibu baada ya miezi mitatu kwa makubaliano yaliyomruhusu kujenga manowari kupita kiwango cha Versailles. Alipopeleka askari Rhine Machi 1936, hakuna aliyewazuia. Yale ambayo wanademokrasia walinyimwa walipoyaomba kwa adabu, au wakapewa yakiwa yamechelewa kuwasaidia, dikteta aliyapata kwa vitisho. Mpiga kura wa Kijerumani hakuhitaji kuwa mfuasi wa Wanazi ili aone ni njia ipi iliyokuwa ikizaa matunda. Na aliyemteua Hitler kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933 alikuwa Rais Hindenburg, jemadari yuleyule aliyeieneza hekaya ya kisu cha mgongoni.

Funzo la mwaka 1945

Inapolinganishwa na amani ya 1919, amani ya 1945 haikuwa laini hata kidogo. Ujerumani ilikaliwa yote, ikagawanywa kanda nne, ikapoteza ardhi zote za mashariki mwa mito Oder na Neisse, na Wajerumani wapatao milioni 12 walifukuzwa au kukimbia kutoka mashariki mwa Ulaya. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Safari hii majeshi ya washindi yaliingia Berlin, hivyo hapakubaki nafasi ya hekaya. Hatia ilipelekwa mahakamani Nuremberg, ambako viongozi walishtakiwa kwa majina yao na matendo yao, badala ya kuandikwa katika ibara moja iliyomgusa kila raia.

Zaidi ya hayo, wanasiasa wa Ujerumani Magharibi waliochagua njia ya demokrasia walipewa mapema cha kuwaonyesha wananchi wao. Mpango wa Marshall, uliotangazwa Juni 1947, uliipatia nchi hiyo takriban dola bilioni 1.4, mwaka 1951 Ujerumani Magharibi iliketi pamoja na Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg kuasisi jumuiya ya makaa ya mawe na chuma, bidhaa zilezile zilizopiganiwa Ruhr, na Makubaliano ya London ya mwaka 1953 yalipunguza madeni yake ya nje kwa karibu nusu. Hofu ya Umoja wa Kisovyeti ilichangia ukarimu huo, na si lazima kuwafanya watu wa 1945 kuwa malaika ili kukiri kwamba walijifunza. Kansela Konrad Adenauer aliweza kuwaambia wapiga kura kwamba ushirikiano unalipa, na ukweli ulimuunga mkono. Müller, Erzberger na Rathenau hawakuwahi kupewa nafasi hiyo.

Hukumu inayostahili juu ya Versailles, basi, si kwamba ilikuwa kali mno wala kwamba ilikuwa laini mno, bali kwamba ukali wake uliwaangukia wasiostahili na unafuu wake ukawafikia wasiostahili. Taifa lililoshindwa halina uso mmoja. Ndani yake wamo walioanzisha vita na wamo walio tayari kuanza upya, na mkataba usiowatofautisha hao wawili huwamaliza wa pili na kuwaachia uwanja wa kwanza. Wote wanaoketi leo kuandika masharti ya amani, popote pale, wajiulize kabla ya kuhesabu fidia na kuchora mipaka: ni nani upande wa pili atakayekuwa na sababu ya kuutetea mkataba huu mbele ya watu wake? Kama jibu ni hakuna, mkataba huo bado haujawa tayari kutiwa saini.